Nyutroni Hazichezi Dansi

Mkurugenzi aliniomba niwaandikie vijana wa idara kumbukumbu zangu za kazi, kurasa chache, kwa Kifaransa au Kiingereza, ziwekwe pamoja na miongozo ya usalama. Nimeandika kwa Kiswahili. Hivyo hataweza kuzihariri kabla hazijawafikia, na ninyi wawili mnaokijua, yule wa Goma na yule wa Nakuru, mtalazimika kukaa meza moja ili muwatafsirie wenzenu, jambo mnalolikwepa tangu mlipogombania dawati la dirishani. Kiswahili changu cha nyumbani ni cha Bukavu. Hiki ninachoandikia ni cha vitabuni, nimekifua na kukipiga pasi kwa ajili yenu.

Sitaeleza nilivyopanda vyeo. Nilipanda kama lifti ya jengo letu: polepole, kwa kelele, na kwa kusimama mara nyingi mahali pasipo na mlango. Nitaeleza zaidi kuhusu neno moja fupi tunalolisema chumbani wakati kinu kipya cha nyuklia kinapowekewa fueli kwa mara ya kwanza, na siku ambayo karibu ninyang'anywe neno hilo.

Siku yangu ya kwanza ofisini nilifika mapema mno, nimevaa suti ya harusi yangu. Ofisi ilikuwa hapo hapo ilipo leo, hapa Brussels, mtaa wa nyuma ya Schuman. Mlinzi wa mlangoni, mtu wa Kinshasa mwenye huruma, alinitazama akanionyesha ngazi za kushuka kwa watu wa usafi.

"Ndeko, équipe ya ménage ni kule chini. Fanya vite, chef amesha kufika."

Nilidhani wahandisi wote wapya huanzia chini. Ulipofika muda wa mimi kuwa ghorofani, nilikuwa nimekwisha kupewa koti la buluu, ndoo na funguo za vyoo, na lazima niseme koti lile lilinikaa vizuri kuliko suti. Aliyekuja kunitafuta alikuwa mzungu mrefu mwenye masikio makubwa. Alisimama mlangoni mwa stoo ya mifagio akanisemesha kwa Kiswahili cha kwetu.

"Njo wewe ule wa Bukavu?"

"Ndiyo, monsieur."

"Acha ndoo. Lakini funguo kuja nazo. Kule juu hakuna muntu anajuaka namna ya kupata choo."

Huyo ndiye Tonton Wouters, mwalimu wangu. Alizaliwa Bukavu, baba yake akiwa daktari wa misheni, na akaondoka akiwa mtoto. Kiswahili chake kilibaki na umri ule ule aliokuwa nao alipopanda ndege. Alijua kuomba miwa, kutukana kwa namna kumi na kukana kwamba ametukana. Katika kazi yetu hayo yalitutosha.

Mashemeji zangu wa Molenbeek wameamini miaka yote kwamba natengeneza mabomu, kwa hiyo nitaeleza kazi yenyewe kwa faida yao pia. Kinu kipya, kabla ya kuwekewa fueli, ni sufuria kubwa ya chuma iliyojaa maji. Fueli ni fimbo za urani zilizofungwa mafungu mafungu, na winchi hushusha fungu moja baada ya jingine mpaka sufuria ijae. Hatari iko hapo. Mafungu yakikaa vibaya, au maji yakikosa boroni ya kutosha ya kumeza nyutroni, moto wa nyuklia unaweza kujiwasha wenyewe kabla hatujauita. Moto huo hauna moshi wa kutuonya. Kwa hiyo tunaweka ndani ya sufuria chanzo kidogo cha nyutroni, tunakizungushia vigunduzi, na tunahesabu. Kila nyutroni inayogonga kigunduzi hutoa mlio katika kipaza sauti cha chumbani: tak. Fungu jipya likiingia, milio huongezeka kidogo. Mshahara wangu wote ulitokana na kujua kama hicho "kidogo" bado ni kidogo.

Zana zangu zilikuwa penseli, rula na karatasi ya grafu. Kompyuta ilichora grafu hiyo hiyo kwa uzuri zaidi, lakini Tonton alisema kompyuta haitoki jasho, na yeye alitaka katika chumba awepo angalau mtu mmoja anayetoka jasho. Unachukua hesabu ya mwanzo, unaigawa kwa hesabu ya sasa, unaweka nukta juu ya idadi ya mafungu yaliyokwisha kuingia. Mwanzoni jibu ni moja. Milio ikiongezeka, nukta zinashuka. Unaziunganisha, unaurefusha mstari kwa rula, na pale unapogusa sakafu ya grafu ndipo moto utakapojiwasha. Mstari mzuri hushuka kama mzee kwenye ngazi za metro, taratibu, ameshika reli. Mstari mbaya hushuka kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi kwenye ngazi hizo hizo.

Raba Tonton alizikataza. Ukikosea nukta, unaizungushia duara na kuweka nyingine pembeni. Na vigunduzi viwili vikipingana, unaamini kile kinachokutisha mpaka kithibitike kuwa ndicho kibovu. Ninyi wa sasa mnapenda kuchukua wastani. Wastani wa kigunduzi kizima na kigunduzi kibovu ni kitu ambacho hakipo ndani ya kinu.

Halafu kulikuwa na kusikiliza. Wenzangu wa ofisini walidhani nilichaguliwa kusikiliza milio kwa sababu Mkongomani huzaliwa na mdundo damuni. Sikuwasahihisha, maana ilinisaidia kuheshimiwa. Ukweli ni kwamba mke wangu, Mama Grâce, mfamasia wa hospitali moja huko Jette na kiongozi wa kwaya ya kanisa letu, alinifukuza kwenye kwaya hiyo hadharani. Nilipiga makofi mahali ambapo kanisa zima lilikuwa limenyamaza. Tangu hapo huduma yangu kanisani ni kubeba spika kutoka kwenye gari, na kuzirudisha.

Tonton alifurahi sana aliposikia kisa hicho. "Ni wewe namutafutaka," alisema. "Nyutroni hazichezake dansi, mutoto. Zinaanguka tu, ovyo, sawa mvua juu ya mabati. Muntu wa musiki anatafutaka mesure mahali haiko. Wewe hautafute kitu."

"Na siku moja zikicheza?"

"Bon. Siku zinacheza, haziko nyutroni tena. Ni muntu."

Niliyaweka maneno hayo kichwani bila kujua kwamba yalikuwa na tundu. Mtu asiyesikia mdundo pale usipokuwepo hausikii vilevile pale unapokuwepo.

Sasa neno lenyewe. Katika chumba cha upakiaji, kila mtu aliye zamu ana haki ya kusema "Stop". Winchi inasimama, fungu linarudishwa mahali salama, na hakuna anayeruhusiwa kuuliza kwa nini mpaka hayo yawe yamefanyika. Kanuni ya pili ndiyo ngumu: aliyesema stop ndiye peke yake anayesema endelea. Mkuu hawezi kumsemea, wala kura haipigwi. Njia pekee ya kumzunguka ni kumwondoa kwenye zamu, na akiondoka, stop yake inaondoka naye. Kwa hiyo kumfundisha mtu kusema stop ni kazi ya dakika moja. Kumfundisha kukaa ndani yake, watu wote wakimtazama, ni kazi ya miaka.

Tonton alinifundisha kwa frites, chipsi za Kibelgiji. Tulikuwa na chumba cha mazoezi chini ya jengo, chenye mashine ya kutoa milio ya kuigiza. Nikisema stop, yeye alitoka, akavuka uwanja hadi kwenye kibanda cha frites, akarudi na pakiti kubwa yenye mayonezi juu, akaiweka mbele yangu. Sikuruhusiwa kuigusa mpaka niseme endelea, na sikuruhusiwa kusema endelea mpaka nijue kwa nini milio ilipanda. Yeye alikaa pembeni kama shetani wa kwenye mahubiri.

"Frites zinapoa, mutoto."

"Acha zipoe."

"Mayonaise inaanza kuwa sawa colle ya kubandika karatasi."

"Nimesema acha, Tonton."

"Mke wako anajua ulikataa chakula cha moto?"

Mara mbili za kwanza nilisema endelea kwa sababu ya njaa. Kinu cha kuigiza kiliwaka mara zote mbili, taa nyekundu zikajaa chumbani, na Tonton akala frites zangu mbele ya maafa hayo bila haraka.

Miaka ikapita, nikawa nasafiri naye. Nilishika penseli kwenye vinu kadhaa ambako hakuna lililotokea, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kisha tukaitwa kwenye kituo kipya katika nchi ambayo mkataba unanikataza kuitaja. Nitasema tu kwamba kahawa yao ilikuwa mbaya na wageni wao rasmi walikuwa wengi. Tonton alikuwa kiongozi wa ujumbe wetu. Mimi, kwa mara ya kwanza, nilikuwa na kiti cha mwenye kuhesabu. Mkuu wa upakiaji upande wa wenyeji nitamwita Bwana Ratiba. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeahidi.

Alichoahidi kilikuwa sherehe. Ukumbi wa pembeni ya jengo la kinu ulikuwa umewekwa mazulia na maua, na mheshimiwa mkubwa sana angefika alasiri hiyo kubonyeza kitufe, fungu la urani lishuke, watu wapige makofi. Kitufe chenyewe kiliunganishwa na taa ya kijani tu. Winchi ingeendeshwa na mwendeshaji wake kama kawaida, kwa ishara ya mtu aliyejificha nyuma ya maua. Nilikipenda kitufe hicho. Nimewahi kukutana na mameneja waliofanya kazi kwa namna hiyo hiyo.

Mchana huo tulikuwa tunashusha mafungu ya kabla ya fungu la sherehe. Milio ilikuwa inaanguka ovyo, kama inavyotakiwa. Fungu moja likiwa bado linaning'inia juu ya nafasi yake, kigunduzi kimoja kikaanza kupiga kelele. Hesabu ikaruka. Vingine vilitulia. Nikaweka nukta. Ilianguka chini kiasi kwamba niliporefusha mstari, rula iliniambia moto ungejiwasha baada ya mafungu machache tu. Ganda la ndizi.

"Stop," nikasema.

Winchi ikasimama. Fungu likarudishwa kwenye egesho lake. Chumba kikanyamaza, isipokuwa kile kipaza sauti, ambacho kilitulia, kikaruka, kikatulia, kikaruka tena.

Bwana Ratiba alisubiri adabu ya kanuni iishe, kisha akaja kwenye meza yangu. "Kigunduzi kimoja," alisema. "Vingine viko sawa. Ni kibovu. Sema endelea."

"Huenda ni kibovu. Sijui bado."

"Utajua lini?"

"Nikijua."

Nakiri jibu hilo lilikuwa na majivuno zaidi ya elimu. Akamgeukia Tonton. Alisema kwa sauti ya upole kwamba mheshimiwa yuko njiani, na kwamba kama mtaalamu huyu amechoka, ujumbe wetu una mtaalamu mwingine hotelini ambaye hajachoka. Saini ya kunibadilisha ilikuwa ya Tonton peke yake. Nilielewa hesabu ile bila penseli. Nikiondoka kwenye kiti, stop yangu inaondoka, atakayekaa ataletwa ili aseme endelea, na kama kile kigunduzi kinasema kweli, watu waliomo ndani ya jengo watalipokea kosa hilo miilini mwao. Na kama kinasema uongo, nitakuwa mtu aliyemsimamisha mheshimiwa kwa sababu ya waya mbovu, na Brussels itanitafutia lile koti la buluu.

Nilimtazama Tonton aniokoe. Alikuwa anafuta miwani.

"Tonton, unaona nini?"

"Mi sione kitu. Nikikusaidia, inakuwa stop yangu." Akairudisha miwani puani. "Frites zinapoa, mutoto."

"Anasema nini?" akauliza Bwana Ratiba.

"Ananikumbusha utaratibu," nikajibu.

Tonton akamwambia Bwana Ratiba kwamba suala la saini anahitaji kulifikiria, na kwamba yeye hufikiri polepole sana akiwa na njaa. Bwana Ratiba akatuma watu wamletee chakula. Hapo nilipata muda.

Niliusikiliza mruko ule. Nilijua ninachotakiwa kujiuliza: zinaanguka, au zinacheza? Nikainamisha kichwa, nikafumba macho kama watu wa kwaya wanavyofanya. Sikusikia chochote cha maana. Ningeweza kusikia wimbo wa taifa mle ndani, au kuku, au hakuna kitu. Nilijaribu kugonga meza kufuatana nao, na mwendeshaji wa winchi akanitazama kwa huruma ile ile niliyoizoea kanisani.

Simu ya mezani ya chumba ilikuwa ya kupiga Brussels, kwa ushauri wa kitaalamu. Mke wangu yuko Brussels. Kanuni haikutaja ni utaalamu wa nini.

"Allô? Papa Grâce? Ulisema huko hamupigake téléphone."

"Mama Grâce, uko ku kazi?"

"Niko congé. Nakaanga samaki. Kuko nini?"

"Sikiliza hii kwanza. Usiseme kitu." Nikaunyoosha mkono wa simu hadi kwenye kipaza sauti. Bwana Ratiba alifungua mdomo. Tonton akamwonyesha kidole cha kunyamaza, kwa uzito kama tunapima kitu.

"Nasikia mvua," akasema mke wangu. "Kule kunanyesha?"

"Subiri."

Mruko ukaja. Ukatulia. Ukaja tena.

"Ah bon," akasema. "Hiyo haiko mvua. Hiyo ni muntu."

"Muntu gani?"

"Muntu wa sono. Anapima micro. Un, deux. Un, deux. Un, deux, trois. Kila samedi namusikiaka wetu anafanya vile, hata micro ikiwaka hachoke. Anapenda kujisikia." Mafuta yalichacharika nyuma yake. "Sasa wewe umefanya nini tena?"

"Nimesimamisha kinu."

"Basi usikifungule juu yangu. Mimi niko wa chorale na wa pharmacie. Siko ingénieur, alors." Akakata simu, samaki walikuwa wanaungua.

Alikuwa amesema sawa, na hapa ndipo ningependa mnisikilize. Kila mtu chumbani aliona uso wangu umefunguka, na Bwana Ratiba akasema, "Kwa hiyo endelea?" Nilitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini sikuwa najua. Nilikuwa nimeambiwa, na mtu aliyekuwa akikaanga samaki nchi nyingine. Nikasema hapana.

Nilimwomba Tonton aende ukumbini. Kule alimkuta fundi wa sauti, kijana mtanashati, amepachika mashine yake ya vipaza kwenye soketi ya ukutani, na upande wa pili wa ukuta huo huo ulipita waya wa kigunduzi changu. Tulifanya jaribio kwa simu ya ndani. Mimi nilisema "azungumze", fundi akahesabu, hesabu yangu ikaruka. Nikasema "anyamaze", ikatulia. Kisha Bwana Ratiba mwenyewe akashika simu na kutoa amri hizo kwa mpangilio wake, bila kuniambia, huku mimi nikiandika kilichoruka na kilichotulia. Vikalingana. Tukachomoa mashine. Tukakipima kigunduzi kwa chanzo kidogo cha majaribio, tukarudia hesabu kwa vigunduzi vyote, tukapima boroni kwenye maji ingawa hakuna aliyekuwa akiishuku. Nikaizungushia duara ile nukta ya ganda la ndizi, nikaweka nyingine pembeni. Mzee wa metro alikuwa bado kwenye ngazi, ameshika reli.

"Endelea," nikasema.

Bwana Ratiba aliigeukia simu ya mezani. "Yule mtaalamu wa Brussels," akauliza, "ni wa idara gani?"

"Akustika," akajibu Tonton, akimalizia sahani ya pili.

Niliweka sharti moja, kwamba mashine ile isichomekwe tena. Mheshimiwa alihutubia bila kipaza sauti katika ukumbi uliojaa mapangaboi ya viyoyozi. Hakuna aliyesikia neno, naye kwa kuchoka kupayuka akafupisha hotuba. Magazeti ya huko yalimsifu kwa kutopenda makuu. Akabonyeza kitufe, taa ya kijani ikawaka, mtu wa nyuma ya maua akapunga mkono.

Tonton hakunipongeza. Katika ndege alinieleza tu kwamba chakula cha watu wale kilikuwa kizuri kuliko kahawa yao, na kwamba kama ningesema endelea baada ya ile simu angenibadilisha yeye mwenyewe kabla fungu halijasogea. Kisha akalala. Mwaka uliofuata alistaafu, akaniachia rula.

Baada yake nimewafundisha wengi wenu, kwa frites za kibanda kile kile, na baadhi yenu mmeshaniwashia kinu cha kuigiza kwa ajili ya mayonezi. Sitaji majina. Mnajijua.

Nafika kwenye hafla yenu ya kuniaga, mwezi uliopita, ukumbi wa ghorofa ya juu. Nilikuwa karibu na dirisha na Mama Grâce, aliyevaa kitenge chake cha wax cha sikukuu. Tonton mlimweka kwenye kiti cha heshima. Mhudumu alikuwa ndio kwanza ameleta trei za frites, moto, zinatoa mvuke. Mkurugenzi alikuwa akimwambia mtu jambo kuhusu bajeti. Na mbele, kijana wa sauti akagonga kipaza chake.

"Un, deux. Un, deux. Un, deux, trois."

Sikufikiri. Mdomo wangu ulisema wenyewe: "Stop."

Ninyi mnakumbuka, lakini hamkuweza kujiona. Ukumbi wote uliganda. Yule wa Goma aliacha glasi hewani. Yule wa Nakuru alikuwa na sambusa mdomoni na akaacha kutafuna. Kijana wa sauti, ambaye hakuwa wetu, aliwaona ninyi akaogopa, akaweka kipaza chini. Mkurugenzi, ambaye hajawahi kukaa zamu, aliendelea peke yake na bajeti kwa maneno mawili matatu, kisha naye akanyamaza. Tonton alikuwa ameshika frite moja kwa ncha za vidole, katikati ya sahani na mdomo, ananitazama kama mwanafunzi mwema. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Mama Grâce ndiye peke yake aliyesogea. Aliniinamia sikioni.

"Papa Grâce, frites zinapoa."

Nilizitazama zile trei, nikawatazama ninyi nyote mmoja mmoja. Sikusema endelea mpaka mvuke ulipokwisha kabisa.